Gari Lililokataa Baridi ya Njombe

Palikuwa na mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliyefundisha Dar es Salaam miaka mingi na kutembelea Toyota IST aliyoinunua mkononi mwa mtu. Huko pwani gari halikuwa na neno. Asubuhi anafungua swichi, anapiga stata, linazunguka sekunde moja mbili zaidi ya magari ya majirani, kisha linawaka, naye anakwenda zake kazini. Ukaja uhamisho: Njombe. Mwalimu akafunga mizigo, akaupanda mlima Kitonga, akapita Iringa na Mafinga, akafika Makambako na kukata kushoto. Njia nzima gari halikukohoa. Usiku akalilaza nje, nyuma ya nyumba ya kupanga, na asubuhi likagoma.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Ninyi mnaokaa pwani mkisikia neno baridi mnafikiria feni ikiwa namba tatu. Juni ya Njombe ni kitu kingine. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri mtu anavaa sweta, juu yake koti, juu yake shuka, na bado anapuliza viganja. Mwalimu akapiga stata. Nyengu-nyengu-nyengu. Injini inazunguka kwa nguvu, lakini haiwaki. Akapumzika, akapiga tena. Mara ya nne ikashika kwa shingo upande, ikatetemeka hadi usukani ukacheza mikononi mwake, ikazima. Akaiwasha tena huku amekanyaga mafuta kidogo, na hivyo ndivyo alivyofika karibu na shule, kila kona anahofia kuzimikiwa. Dakika kumi baadaye ugonjwa wote ulikuwa umetoweka. Saa saba mchana gari likawaka kwa kuguswa tu. Kesho yake alfajiri, yale yale.

Kabla sijaendelea, shikeni jambo hilo: alfajiri linakataa, mchana linakubali. Kila aliyempa mwalimu ushauri alilisikia, na hakuna aliyelifanyia kazi.

Wa kwanza alikuwa mzee jirani, dereva mstaafu wa malori. "Mwanangu," alimwambia, "kanyaga mafuta mara tatu nne kwanza, ndipo upige stata." Mzee hakuwa anabahatisha. Kwenye gari la kaburata, ukikanyaga pedeli, kipampu kidogo ndani ya kaburata hurusha petroli moja kwa moja kwenye njia ya hewa, na injini baridi hupata kitu cha kuanzia. Lakini IST haina kaburata. Pedeli yake hufungua mlango wa hewa tu, ule ambao mafundi huuita throto. Petroli humwagwa na nozeli, na nozeli hufunguliwa na boksi la umeme ambalo mafundi wetu hulijua kwa jina la kontroboksi. Tena kwenye magari mengi ya aina hii, ukikanyaga pedeli hadi sakafuni huku unapiga stata, kontroboksi linaelewa kwamba injini imefurika mafuta na unataka kuikausha, kwa hiyo linazifunga nozeli. Dawa iliyoliponya lori la Bedford la mzee ingeweza kuwa sumu kwa gari la mwalimu.

Wa pili alisema ni mlima. Hewa ya huku juu ni nyepesi, injini inakosa pumzi. Ni kweli hewa ya Njombe ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa takriban sehemu moja ya tano. Ila mlima haushuki saa nne asubuhi na kupanda tena usiku. Kama tatizo lingekuwa urefu wa mahali, mchana nao gari lingesumbua.

Wa tatu alikuwa muuza vipuri, naye alikuwa na plagi. Mwalimu akanunua plagi nne mpya. Alfajiri: nyengu-nyengu. Wa nne akasema pampu ya mafuta imechoka. Ikanunuliwa pampu, kiti cha nyuma kikang'olewa, ikafungwa. Alfajiri: nyengu-nyengu-nyengu. Hela zilikuwa zimeondoka na hakuna aliyekuwa amepima kitu chochote. Huku kununua kifaa ili kujua kama ndicho kibovu ni ugonjwa mkubwa kuliko ule wa gari, na mimi sina subira nao.

Mwisho akapelekwa kwenye gereji moja yenye fundi wa makamo na msichana mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mwalimu. Karibu sana."

"Shikamoo mwalimu," akasema binti, akifuta mikono.

"Marahaba mwanangu."

Fundi hakufungua boneti. Alivuta kigoda, akaanza kuuliza. Linakataa kuwaka likiwa baridi au likiwa la moto? Stata inazungusha injini haraka au kwa uvivu? Likishawaka linatetemeka kwa muda gani? Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka? Linatoa moshi wa rangi gani? Lilianza ghafla au kidogo kidogo? Binti alikuwa ameshashika spana, akaona aibu kidogo, akairudisha mezani.

Mwalimu alijibu yote. Stata ina nguvu. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Moshi hakuna. Likipata moto linakuwa zuri. Na alipobanwa zaidi akakumbuka kwamba hata Dar es Salaam asubuhi lilikuwa linachelewa kidogo, hakuona kama ni jambo la kuzungumza.

"Basi liache hapa lilale," fundi akasema. "Nitaliona kesho alfajiri, kabla halijawashwa. Sasa hivi limetoka barabarani, lina moto, litaniambia uongo."

Wakati gari limelala, niwaeleze injini ya petroli inataka nini. Inataka hewa. Inataka petroli kwa kipimo cha ile hewa. Inataka cheche kwa wakati wake. Na inataka mbano, yaani pistoni ipande na kuushindilia ule mchanganyiko bila kuvuja. Kimoja kikipungua, injini haiwaki au inawaka kwa taabu. Cheche na mbano ni rahisi kuvifikiria. Utata uko kwenye kipimo.

Injini iliyopata moto hutaka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ya IST ya mwalimu ni ile iitwayo 1NZ-FE, ya cc 1,496, silinda nne. Ikiwa imesimama na kuzunguka polepole, mwendo ambao mafundi huuita sailensi, inazunguka mara 700 hivi kwa dakika. Kila silinda hupata mlipuko mmoja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo silinda moja inalipuka mara 350 kwa dakika, na zote nne kwa pamoja zinalipuka zaidi ya mara 23 kwa sekunde moja. Kwa kila mlipuko nozeli inafunguka, inapuliza petroli na kujifunga kwa muda wa sehemu mbili au tatu za elfu moja za sekunde. Kope ya jicho lako haiwezi kufanya hivyo.

Sasa ipe injini hiyo asubuhi ya nyuzi 9. Petroli haiwaki ikiwa majimaji, inawaka ikiwa mvuke, na kwenye chuma baridi sehemu kubwa ya kile kinachopulizwa hunata ukutani kama umande badala ya kuwa mvuke. Ili silinda ipate mvuke wa kutosha, nozeli lazima zimwage petroli nyingi kuliko kawaida, halafu zipunguze taratibu kadiri injini inavyopata joto. Gari la kaburata lilikuwa na choki kwa kazi hiyo. Gari la nozeli lina kontroboksi.

Kontroboksi ni mpishi aliyefungiwa jikoni, hawaoni wageni, anaambiwa idadi yao kupitia dirishani. Akiambiwa watano anapika wali wa watano, hata kama nje wamekaa hamsini. Wapeleka habari wake ni sensa: mmoja anapima hewa inayoingia, mwingine joto la hewa hiyo, mwingine joto la maji ya injini, mwingine anaangalia krenki imefika wapi kwenye mzunguko wake, mwingine ananusa oksijeni kwenye ekzosi. Mpishi hana njia ya kutoka nje kuhakikisha.

Utaratibu huu si wa jana. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilipuliza petroli ndani ya silinda kwa pampu isiyo na umeme wa kufikiri. Mwaka 1967 Volkswagen ikatoa gari lake la 1600 kwa soko la Marekani likiwa na mfumo wa Bosch ulioitwa D-Jetronic, na hapo ndipo boksi la umeme likaanza kuamua nozeli zifunguke kwa muda gani kwenye magari ya watu wa kawaida. Hata lile la 1967 liliulizia joto la injini kabla ya kupima mafuta.

Alfajiri fundi na binti walikuwa wamesimama mbele ya gari, pumzi zao zikitoka kama moshi. Binti akachomeka mashine ya kupimia kwenye ile plagi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, akafungua swichi bila kupiga stata. Hakuna kosa lililohifadhiwa. "Mashine inasema gari ni zima," akasema.

"Mashine inasema hakuna sensa iliyolalamikiwa," fundi akamjibu. "Hayo ni mambo mawili. Nisomee joto."

Binti akafungua ukurasa wa vipimo. Joto la hewa inayoingia: nyuzi 9. Joto la maji ya injini: nyuzi 61.

Akaguswa na baridi nyingine. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha. Akaweka kiganja kwenye kichwa cha injini, akakitoa haraka. Chuma kilikuwa baridi kama mtaro. Injini iliyolala usiku mzima haiwezi kuwa na maji ya nyuzi 61 huku hewa inayoizunguka ikiwa nyuzi 9. Alfajiri, kabla ya kuwasha, vipimo hivyo viwili vinatakiwa kukaribiana sana. Nyuzi chache zikitofautiana hakuna tabu. Zikitofautiana 52, kuna mmoja anayesema uongo, na kiganja cha binti kilikuwa kimeshamjua.

Kwa nini basi taa haikuwaka? Kwa sababu 61 ni joto la kawaida kabisa kwa injini. Waya wa sensa ungekatika kabisa, kontroboksi lingeona kipimo kisichowezekana, lingewasha taa na kuhifadhi kosa. Lakini uongo wa wastani unapita. Nyuzi 61 ni injini iliyokaribia kupata moto, nayo haihitaji petroli nyingi ya ziada, hivyo kila alfajiri boksi lilikuwa linaipa injini baridi chakula cha injini ya moto. Dar es Salaam uongo ulikuwa ule ule, ila alfajiri ya kule ina nyuzi 25 na pengo ni dogo. Petroli hata ikiwa pungufu inajikongoja. Njombe pengo likawa kubwa na injini ikagoma.

Binti alitaka kukimbilia dukani. Fundi akamzuia. "Tumeshajua nani tunamshuku. Bado hatujathibitisha." Kwanza akamtaka apime mafuta, kwa kuwa pampu ilikuwa imeshabadilishwa kwa kukisia na huenda aliyeifunga aliacha uchafu. Mzee mmoja aliyekuwa akiota moto kwenye jiko la mkaa pembeni akaombwa alisogeze jiko mbali. Petroli iliyo kwenye mgandamizo hainyunyiziwi karibu na makaa. Wakaunga geji kwenye mpira wa mafuta. Stata ikapigwa, sindano ikapanda hadi kilopaskali 320 na kukaa. Kwa injini hii inatakiwa iwe kati ya 304 na 343. Wakazima, wakasubiri dakika tano wakiangalia sindano, ambayo haitakiwi kushuka chini ya 147. Ilishuka kidogo tu. Pampu mpya nzima. Ya zamani nayo, fundi akanong'ona, huenda ilikuwa nzima.

(Hapa niongeze jambo kwa wale wenye magari ya aina nyingine. Kwenye magari mengi, ukifungua swichi tu utasikia pampu ikivuma sekunde mbili huko nyuma kisha ikanyamaza. Usipoisikia kwenye Toyota ya umri huu usiogope. Nyingi husubiri hadi stata izunguke.)

Wakachomoa plagi moja. Ilitoka karibu kavu, haina hata harufu ya petroli, baada ya stata yote ile. Plagi iliyolowa petroli ingesema mafuta yapo, tatizo ni cheche au mafuta kuzidi. Plagi kavu inasema mafuta hayafiki ya kutosha. Fundi akaipima nafasi ya ncha zake kwa kipimo chembamba cha chuma: milimita 1.1, sawasawa. Kwenye plagi nyingi za NGK na Denso, ile 11 iliyo mwishoni mwa namba yake ndiyo hiyo milimita 1.1, muuza vipuri angalau aliuza saizi inayotakiwa.

Ndipo fundi akaenda kwenye kopo lake la takataka za umeme, akapekua, akatoa kirezista kutoka kwenye redio iliyokufa. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele mrefu, na mistari ya rangi ya chungwa, chungwa tena, na nyekundu. Mistari hiyo maana yake ni ohm 3,300. Akachomoa plagi ya waya kwenye sensa ya joto la maji, akaingiza miguu miwili ya kirezista kwenye matundu ya ile plagi ya waya, akaifunga kwa utepe isicheze.

"Soma sasa."

Binti akasoma: nyuzi 11.

Sensa ya joto ni kirezista tu chenye tabia ya pekee. Kikiwa baridi kinazuia umeme sana, kikipata joto kinauachia. Kwa Toyota hizi, kwenye nyuzi 20 kinatakiwa kuwa kati ya ohm 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 kinashuka hadi kati ya 200 na 400. Ohm 3,300 ni asubuhi ya baridi. Kontroboksi halikujua kwamba lilikuwa linaongea na mabaki ya redio. Lilisikia baridi, likaamini.

"Piga stata."

Nye— na injini ikawaka. Haikutetemeka kama alfajiri zile. Ikapanda sailensi hadi zaidi ya 1,000 kama injini yoyote inayoamka na baridi, ikanguruma. Binti akacheka kwa sauti, na fundi akajifanya hajafurahi. Baada ya muda mfupi akaizima na kukitoa kirezista, kwa maana ukikiacha pale boksi litaendelea kuamini kuna baridi hadi saa sita mchana, litamwaga petroli bila sababu, na moshi mweusi utakufuata mjini.

Sasa binti akatumwa dukani. Aliporudi na sensa mpya, fundi alimfanyisha jambo ambalo pale VETA walikuwa wamelisoma kwenye karatasi. Vikombe viwili: kimoja maji ya bomba ya asubuhi, kingine maji ya birika yaliyotulia kidogo. Sensa ya zamani na mpya zikatumbukizwa ncha zao pamoja kwenye maji baridi, mita ya umeme ikaunganishwa kwa zamu. Mpya: ohm 3,400 na kitu. Ya zamani: 500 na kitu. Zikahamishwa kwenye maji ya moto. Mpya ikashuka hadi mia tatu hivi, ya zamani ikasoma chini yake kidogo, si kwa kiasi cha kuisumbua injini. Binti aliangalia vikombe viwili muda mrefu. Hapo ndipo alipoona kwa macho yake kwa nini gari lilikuwa zima mchana: kwenye moto, sensa mbovu na sensa nzima zilikuwa karibu zinakubaliana.

Mwalimu alipokuja kuchukua gari, likawaka mara moja. Lakini hakutabasamu vile walivyotarajia. Alikaa ndani, akasikiliza, akasema, "Fundi, bado linacheza."

Na kweli lilikuwa linacheza. Si ule mtetemo wa alfajiri. Huu ulikuwa mdogo, wa kwenye sailensi tu, na ulikuwepo injini ikiwa baridi na ikiwa na moto. Ukikanyaga mafuta unapotea. Fundi akamwangalia binti, binti akaelewa kwamba ni zamu yake.

Alifungua ukurasa wa mashine unaoonyesha kontroboksi linaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi ili kufuata habari za sensa ya oksijeni. Kwenye gari zima namba hiyo hucheza karibu na sifuri. Ikivuka 10 huku au kule, kuna neno. Kwenye sailensi ilisoma 19 juu. Boksi lilikuwa linaongeza mafuta kwa asilimia 19 kwa sababu ekzosi ilinuka hewa nyingi. Akamwomba mwalimu akanyage hadi mizunguko 2,500. Namba ikashuka hadi 3. Hewa ya wizi ina tabia hiyo. Tundu dogo nyuma ya throto huingiza hewa ambayo sensa haikuipima. Kwenye sailensi, injini inapovuta hewa kidogo, ile ya wizi ni sehemu kubwa, na kwenye mwendo inamezwa na hewa halali isionekane.

Akazima feni ya ndani, akainama, akasikiliza. Ssss. Akaanza kupitisha vidole kwenye mipira ya hewa mmoja mmoja, akiibana polepole. Alipobana mpira mmoja mfupi unaotoka kwenye mfuniko wa injini kwenda kwenye njia ya hewa, sauti ikabadilika na injini ikatulia. Akaukunja: chini yake, upande usioonekana, mpira ulikuwa umepasuka kwa umri, ufa wa urefu wa ukucha. Pengine uliguswa siku ile ya kubadili plagi ambazo hazikuhitaji kubadilishwa. Mpira mpya ukafungwa, namba ikarudi karibu na sifuri. Mwalimu akasikiliza tena, safari hii akashuka na kumshika binti mkono.

Kuanzia hapo binti akawa mtu wa kuuliza kabla ya kushika spana, hadi wateja wengine wakamwona mbishi. Ililetwa Corolla inayomisi, yaani yenye silinda inayoruka mlipuko, mashine ikataja silinda ya pili. Mwenye gari akataka koili mpya ya cheche papo hapo. Binti akazima injini, akachomoa koili ya silinda ya pili na ya tatu, akazibadilishana nafasi, akafuta kosa, akawasha. Kosa likahamia silinda ya tatu. Hapo ndipo koili iliponunuliwa. Kosa lingebaki kwenye silinda ya pili angezibadilishana plagi, kisha angegeukia nozeli na mbano. Mafundi wengine huchomoa koili injini ikiwa inaunguruma ili wasikie silinda ipi haileti tofauti. Msiige, umeme wa koili ni maelfu ya volti. Kama ni lazima kusikiliza hivyo, chomoeni waya wa nozeli, na msiache muda mrefu.

Kisha ikaja Noah ya abiria yenye ugonjwa uliokuwa kinyume kabisa cha ule wa mwalimu. Alfajiri inawaka vizuri. Ikishapanda na kushuka milima kwa saa moja inazimika yenyewe barabarani, na ukipiga stata inazunguka tu. Abiria wanashuka, wanalalamika, wanakunywa chai. Baada ya nusu saa inawaka kama haikuwa na kitu. Dereva alikuwa ameshabadili pampu na filta ya mafuta.

Binti alikataa kuigusa ikiwa baridi. Wakaiendesha hadi ikazimika karibu na stendi. Akachomeka mashine na kumwambia dereva apige stata huku yeye anaangalia namba moja tu, ya mizunguko ya injini. Stata ilikuwa inaizungusha injini, wote wanasikia, na mashine inasoma sifuri. Sensa ya krenki ilikuwa imenyamaza. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana, na waya wa namna hiyo ukiwa na ufa, chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unaachana. Kikipoa unashikana tena. Boksi lisipopata habari za krenki halijui pistoni iko wapi, kwa hiyo halitoi cheche wala halifungui nozeli.

Akalowesha kitambaa kwa maji ya chupa ya dereva, akaingia chini ya gari, akaifunika sensa, akasubiri.

"Piga sasa, kaka."

Likawaka. Dereva akataka kuondoka hivyo hivyo, abiria walikuwa wanasubiri na limewaka, kuna nini tena? Fundi, aliyekuwa kimya muda wote, akaingiza mkono dirishani, akazima, akauweka ufunguo mfukoni mwake, na haukutoka humo hadi sensa mpya ilipofika na basi la jioni kutoka Makambako.